Nani kaua? Mwongozo kamili wa kufuata seri ya upelelezi ukiwa Lubumbashi

Ukikosa dakika kumi za mechi ya mpira, jirani atakupa matokeo na hasara ni ndogo. Ukikosa dakika kumi za seri ya upelelezi, huenda ndizo zilizobeba ufunguo, glasi au uongo ulioshikilia kesi nzima. Na jirani akikupa matokeo, amekuharibia miezi miwili. Shabiki wa seri hizi ana kazi moja kubwa: kuhakikisha ushahidi unamfikia mzima, kwa mpangilio wake, kabla ya jibu. Mengine yote humu, kuanzia batri hadi kaye (daftari), yanatumikia kazi hiyo.

Tumeandika kwa ajili ya mtu wa mitaa ya Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi au Bel-Air, popote umeme unapokuja na kuondoka na mega za intaneti zinanunuliwa kwa hesabu. Wa Goma na Bukavu nao watajikuta humu. Hata saa zao ni zile zile za Lubumbashi.

Kwanza jua unafuata seri ya namna gani

Kuna aina tatu, na kila moja inataka nidhamu yake.

Ya kwanza ni ile ambayo kila episodi ina kesi yake. Maiti inaonekana mapema, jibu linatolewa kabla ya majina ya mwisho. Ndivyo ilivyo Poirot ya televisheni ya Uingereza aliyoicheza David Suchet kuanzia 1989 hadi 2013, episodi 70, na Maigret ya Bruno Crémer, 1991 hadi 2005, episodi 54. Hizi unaweza kuanzia popote bila kupoteza kesi. Kwa mtu anayeanza, au familia yenye watu wanaoingia na kutoka, anzeni hapa.

Ya pili inakuonyesha muuaji tangu mwanzo. Columbo ndiyo mfano wake mkubwa: Peter Falk alimcheza kwa mara ya kwanza mwaka 1968, seri ikawa ya kawaida kuanzia 1971, na episodi ya mwisho ilitoka 2003, jumla 69. Hapa hakuna swali la nani kaua. Swali ni kosa gani alilifanya, na mpelelezi atalikamatia wapi. Kwa hiyo mtu anayechelewa dakika ishirini amekosa episodi yote, maana kosa limeshapita mbele ya kamera. Seri ya namna hii mlango unafungwa mwanzoni, si mwishoni.

Ya tatu ni kesi moja inayovutwa msimu mzima, au zaidi. Hii ndiyo inayozaa mashabiki sugu, na ndiyo inayoumiza zaidi ikivurugika. Twin Peaks ilianza Marekani Aprili 1990 na swali moja, nani alimuua msichana wa shule. Kituo cha televisheni kikashinikiza jibu litolewe, likatolewa Novemba mwaka ule ule, na watazamaji wakapungua hadi seri ikasimamishwa 1991. Ilirudi 2017 kwa episodi 18. Kabla hujajifunga na seri ya aina hii, tafuta jambo moja tu: je, ilimalizika, au ilikatwa njiani? Hiyo si kuvujisha siri. Ni kujua kama unapanda gari lenye mafuta.

Kipimo cha haki

Seri nzuri inakupa ushahidi ule ule inaompa mpelelezi. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyeandika pia hadithi za upelelezi, alitoa kanuni zake za mchezo huu, na nyingi bado zinafaa kupima seri ya leo: mhalifu awe ametajwa mapema, nguvu za kichawi zisitumike kutatua kesi, sumu isiyojulikana na mtu yeyote hairuhusiwi, njia ya siri isizidi moja, mapacha wasitokee ghafla bila kuandaliwa, mpelelezi asiokolewe na bahati, wala asiwe yeye muuaji, na kila dalili anayoipata aionyeshe.

Tazama episodi tatu ukiwa na kanuni hizi mkononi. Seri ikivunja mbili ndani ya episodi tatu, usiipe kaye yako. Itazame kama burudani, kunywa munkoyo wako, usijisumbue kukisia, kwa sababu hata ukikisia vizuri itakubadilishia. Sisi hatuna subira na seri inayoleta pacha katika dakika ya mwisho.

Mpangilio wa episodi, mtego wa kwanza

Ukipata seri kwenye flashi iliyopitia mikono mitano, usiamini namba za mafaili. Kuna sababu tatu za namba kuvurugika. Kwanza, seri fulani zilirekodiwa kwa mpangilio mmoja na kurushwa hewani kwa mwingine. Pili, episodi ndefu ya mwanzo au ya mwisho huhesabiwa moja na mtu mmoja, mbili na mwingine, na kuanzia hapo namba zote zinasogea. Tatu, kompyuta hupanga majina kwa herufi, hivyo faili la "10" linaweza kukaa kabla ya "2" kama aliyelitaja hakuandika "02". Andika majina upya kwa tarakimu mbili, msimu na episodi, kabla ya kuanza: S01E01, S01E02 na kuendelea. Kazi ya dakika kumi.

Kisha linganisha urefu wa kila faili. Episodi za msimu mmoja hukaribiana. Moja ikiwa fupi kwa dakika kumi, imekatwa, na usishangae ukikuta mwisho ndio uliokatwa. Ikiwa ndefu kupita kiasi, jiulize kwa nini. Twin Peaks ina mtego maarufu hapa: episodi yake ya kwanza ilitengenezewa pia toleo la kuuzwa Ulaya, lenye karibu dakika 20 za ziada na mwisho wa kufunga kesi palepale, kana kwamba ni filamu inayojitegemea. Mwisho huo haumo katika seri. Anayeanza na toleo hilo anaingia episodi ya pili akiwa na jibu la bandia kichwani. Toleo la seri lina takriban saa moja na nusu; likizidi sana hapo, tafuta jingine.

Nakala za mitaani, tukiacha kwamba si halali, ndizo zinazoleta matatizo haya yote. Ukiwa na ndugu Brussels au Paris anayekuja likizo, DVD halisi ni bora, lakini mwambie aangalie alama ya zoni nyuma ya kasha. Diski za Ulaya Magharibi ni zoni 2. Kongo, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, imewekwa zoni 5. Deki iliyofungwa zoni 5 itaikataa diski ya zoni 2. Tafuta deki ya zoni zote. Kwenye kompyuta, kisoma DVD hukuruhusu kubadili zoni mara tano tu; ya tano inabaki milele. Blu-ray ni nafuu kwetu, kwa sababu Afrika na Ulaya ziko pamoja katika kanda B.

VF au VOSTFR?

VF ni sauti za Kifaransa zilizobandikwa. VOSTFR ni sauti asili na maandishi ya Kifaransa chini. Kwa seri ya mapenzi chagua upendavyo. Kwa upelelezi, tofauti ni ya ushahidi.

Kiingereza kina "you" moja. Mtafsiri wa Kifaransa analazimika kuchagua kati ya "tu" na "vous", na akichagua "tu" kati ya washukiwa wawili wanaodai hawajuani vizuri, amekupa dalili ambayo mwandishi hakuiweka, au ameharibu iliyowekwa. Vilevile mtu akisema kwa Kiingereza kwamba alipigiwa simu na rafiki, hujui ni mwanamume au mwanamke; Kifaransa mara nyingi kitalisema. Tena sauti za kubandika huondoa lafudhi: mshukiwa anayejifanya mtu wa kusini ilhali si wa huko, katika VF wote wanazungumza kama wako Paris.

Ushauri wetu: seri za Kifaransa tazama kwa sauti yake, basi. Seri za Kiingereza tazama VOSTFR, hata kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, kwa sababu sikio linasikia kusita, hofu na lafudhi bila kuelewa maneno. Kama kuna wazee au watoto wasioweza kusoma kwa kasi, tazameni VF pamoja, kisha mashabiki warudie VOSTFR sehemu za mahojiano tu.

Maandishi yanayokosea saa

Faili la maandishi huwa la aina ya .srt. Liwe kwenye folda moja na video, na jina liwe sawasawa na la video hadi nukta ya mwisho. Vinginevyo televisheni haitaliona. Ukiona "Ã©" badala ya "é", maandishi yamehifadhiwa kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa UTF-8 na televisheni yako inayasoma kwa usimbaji wa zamani. Lifungue kwenye kompyuta, lihifadhi upya kwa usimbaji wa ANSI, rudi nalo. Ikiwa badala yake unaona alama za kuuliza penye herufi zenye alama, ni kinyume chake: lihifadhi kwa UTF-8.

Maandishi yakitangulia au kuchelewa kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, dawa ni rahisi. Kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kutazama video, bonyeza H yachelewe zaidi, G yawahi, kila mbonyezo milisekunde 50. Lakini yakianza sawa na kuzidi kuachana na sauti kadiri muda unavyokwenda, H na G hazitakusaidia. Hapo video ina kasi moja na maandishi yalitengenezwa kwa nyingine, kawaida picha 25 kwa sekunde dhidi ya 23.976. Tofauti ni asilimia nne na kidogo, yaani karibu dakika mbili na nusu kwa kila saa. Programu ya bure ya Subtitle Edit ina sehemu ya kubadilisha kasi ya picha: weka 23.976 kwenda 25, au kinyume, hifadhi, jaribu dakika ya mwisho ya episodi. Mwisho ukikaa sawa, katikati pia pako sawa.

Hili si la urembo. Maandishi yanayowahi sekunde tatu yanaweza kukutajia jina kabla mlango haujafunguliwa.

Flashi inayokataliwa

Dalili na sababu zake, kwa ufupi. Faili linakataa kunakiliwa ingawa nafasi ipo: flashi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao haubebi faili linalozidi GB 4. Televisheni haioni flashi kabisa: imepangwa kwa exFAT, mfumo mwingine, na televisheni ni ya zamani, jaribu NTFS au rudi FAT32. Picha ipo, sauti hakuna: sauti ni ya DTS au aina nyingine ambayo televisheni haina leseni yake. Sauti ipo, picha nyeusi: video imebanwa kwa namna mpya ya H.265 na televisheni inajua ya zamani, H.264, tu. Katika hali hizi mbili za mwisho, unganisha kompyuta kwa kebo ya HDMI na uache VLC ifanye kazi.

Kwa skrini ya inchi 32, ubora wa 720p unatosha kabisa. Episodi ya dakika 45 ina kama GB 1 na hukutani na ukuta wa GB 4. Kupitia intaneti, hesabu takriban GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida na GB 3 kwa ubora wa juu. Programu halali za kutazama zina kitufe cha kupakua. Pakua usiku kwenye wifi ya mtu mwenye roho nzuri, lakini soma masharti: vipakuliwa vingi vina tarehe ya kuisha, na vingine hufungwa saa 48 baada ya kubonyeza "cheza". Usifungue hata sekunde moja "kuona kama inafanya kazi" siku tatu kabla ya kutazama.

Jaribu kila kitu mchana: dakika mbili za mwanzo, mbili za katikati, na kwa mwisho angalia kwa sauti imezimwa na mkono umefunika skrini, ukiacha ukanda wa chini wa maandishi uonekane kwa jicho la mtu asiyeifuata seri. Kila nyumba inaye mtu huyo. Mpe kazi.

Umeme wa kutosha hadi jibu

Umeme kukatika dakika ya 80 ya episodi ya dakika 90 ni adhabu ya pekee. Hesabu yake ni hii. Televisheni ya LED ya inchi 32 inakula takriban wati 50, dekoda 15, spika ndogo 10: jumla 75. Batri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina Wh (wati-saa) 1200 kwenye karatasi, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara utaiua, kwa hiyo unazo 600. Konvertisa, ile inayogeuza umeme wa batri kuwa wa ukutani, inakula asilimia 10 hadi 15. Zinabaki kama 510. Gawanya kwa 75: saa sita na dakika arobaini na nane. Kwa batri ya Ah 50, saa tatu na kitu, yaani episodi nne za dakika 45. Batri kuukuu toa theluthi nzima ya hesabu hiyo.

Konvertisa ya wati 300 inatosha. Ikipiga kelele ya "tiii" mfululizo, volti za batri zimeshuka; simamisheni mwisho wa tukio, si katikati ya mahojiano. Na mtu asichomeke pasi wala friji "kidogo tu".

Kuanzia Novemba hadi Machi kuna mvua. Mvua kubwa inakata mawimbi ya dishi, hakuna fundi atakayekutibu hilo. Weka tumaini kwenye marudio au dekoda yenye kurekodi. Radi zikianza, chomoa waya wa umeme na waya wa dishi, vyote viwili, maana radi hupitia popote. Na mvua juu ya mabati inameza mazungumzo, hivyo usiku wa mvua washa maandishi hata kwa VF. Kwa maandishi, asikae mtu zaidi ya mita tatu kutoka skrini ya inchi 32.

Kaye

Hapa ndipo shabiki anapotofautiana na mtazamaji. Nunua kaye ya kurasa 96 na kalamu za rangi mbili. Kila episodi inapewa kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto unaandika ulichokiona na kukisikia. Kulia, unachodhani. Usichanganye kamwe. Anayeandika kushoto "mjane anadanganya" ameshaharibu ushahidi wake. Sahihi ni "mjane anasema mume alitoka saa mbili", na dhana ya uongo inakaa kulia.

Kila mstari wa kushoto una vitu vitatu: dakika, jambo, na nani anathibitisha. Tuseme ni kesi ya mfanyabiashara aliyekutwa amekufa ofisini. Ukurasa ungekuwa hivi:

07:12. Mjane: mume alitoka nyumbani saa mbili usiku. Shahidi: hakuna.
11:40. Saa ya ukutani nyuma ya mjane: tatu na dakika ishirini na tano. Kamera ilikaa juu yake.
23:05. Mlinzi: umeme wa mtaa ulikatika jioni, ukarudi asubuhi. Shahidi: jirani, 26:30.
31:50. Friji ndogo ya ofisi, asubuhi. Barafu ngumu, haijayeyuka.

Kulia: "Usiku mzima bila umeme, barafu ngumu? Ofisi ina batri ambayo mlinzi haisemi, au barafu iliwekwa asubuhi. Nani aliingia asubuhi?" Mtazamaji wa Lubumbashi ana faida hapa kuliko mwandishi wa seri mwenyewe: anajua barafu inakaa saa ngapi friji ikizimika. Tumieni ujuzi huo, lakini kumbukeni mji wa seri una umeme wake na majira yake.

Andika kwa majina. Kiswahili hakisemi kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na baada ya wiki mbili hutakumbuka "rafiki yake" alikuwa wa nani. Mtu asiyejulikana jina mpe alama: Koti Jekundu, Dereva, Mama wa Duka.

Usiandike kila kitu. Mambo matano yanastahili mstari: kitu kilichopewa picha ya karibu peke yake, jambo lililotajwa mara ya pili na mtu mwingine, saa au tarehe yoyote, mtu aliyejibu swali ambalo hakuulizwa, na kitu kilichoonekana mahali pake mara moja na kukosekana baadaye. Hilo la mwisho lina hatari, kwa sababu linaweza kuwa kosa la watengenezaji tu. Glasi iliyojaa, kisha nusu, kisha imejaa tena ndani ya mazungumzo yale yale, karibu siku zote ni makosa ya kuunganisha picha zilizorekodiwa kwa nyakati tofauti. Glasi iliyokuwepo tukio la kwanza na haipo tukio la pili, na mtu akaitazama meza tupu, hiyo ni dalili. VLC ya kompyuta ikisimamishwa, bonyeza E uende picha moja moja.

Kwa kesi ya msimu mzima, toa kurasa nne za mwisho za kaye kwa ratiba ya usiku wa mauaji: mstari mmoja kwa kila nusu saa, safu moja kwa kila mshukiwa. Jaza kwa kalamu ya rangi ya kwanza kilichothibitishwa na mtu wa pili, rangi nyingine kile alichodai mwenyewe. Baada ya episodi nne au tano matundu yanajionyesha yenyewe.

Kusimamisha na kupiga kura

Mkiwa kundi, watu watano hadi wanane ni idadi nzuri. Wakizidi, wawili wataanza kuongea mambo ya kazini. Episodi ya dakika 45 simamisheni kati ya dakika ya 32 na 35. Ya dakika 90, karibu dakika ya 70. Alama ya kukuambia umefika: mpelelezi anatulia, anarudia neno dogo lililosemwa na mtu asiye na umuhimu, anachukua kofia yake. Simamisha hapo hapo. Ukisubiri hadi anawakusanya watu sebuleni, umechelewa.

Kila mtu anaandika kwenye karatasi, kimya, bila kujadiliana: nani, kwa namna gani, kwa nini, na dalili mbili zenye dakika zake. Zinakunjwa, zinawekwa kwenye bakuli. Ndipo mjadala unaruhusiwa, dakika kumi, halafu mnaendelea. Mkijadili kwanza, wote watafuata mwenye sauti kubwa, na kama ni papa (baba) mwenye nyumba ndiyo kabisa. Alama: tatu kwa mtu, mbili kwa namna, moja kwa sababu. Aliyepata mtu bila dalili yoyote anapewa moja tu, huyo amebahatisha.

Dalili mbili hazikubaliwi kwenye karatasi. Ya kwanza: "ni yeye kwa sababu ndiye mwigizaji maarufu". Ni kweli mara nyingi, maana hawamlipi mtu mkubwa aje kupita nyuma ya kamera, lakini si upelelezi. Ya pili ni muhtasari wa "katika episodi zilizopita". Muhtasari unachagua vipande ambavyo episodi ya leo itavirudia, na ukimwona humo mhusika uliyemsahau kwa majuma matatu, umeshaambiwa. Urukeni, someni kaye badala yake.

Wavujishaji

Tishio kubwa ni saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa mwaka mzima. Paris wakati wa baridi iko saa moja nyuma yetu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tuko sawa. London ni saa mbili nyuma, kisha moja. Episodi ya saa 21h00 New York inatoka kwetu 04h00 alfajiri wakati wao wa baridi, 03h00 wakati wao wa kiangazi. Maana yake, ukiamka saa kumi na mbili asubuhi na kufungua simu, nusu ya dunia imeshaona.

Kwa hiyo usiku wa episodi kubwa: nyamazisha makundi ya WhatsApp na yahifadhi pembeni yasionekane juu, zima taarifa zinazotokea skrini ikiwa imefungwa, usitafute jina la mwigizaji yeyote, kwa sababu orodha ya kazi zake itakuonyesha episodi ngapi alicheza, na mwenye tatu kati ya kumi unajua kilichompata. Picha ndogo za video zinavujisha kuliko maneno. Vichwa vya episodi vya Kifaransa navyo wakati mwingine vinasema zaidi ya vya asili. Viondoe kwenye majina ya mafaili.

Ndani ya lupango (ua wa nyumba), kanuni ni fupi. Aliyekwisha kuona anasema mapema, "Mimi nimeona," na anakaa nyuma, uso wake usionekane. Akianza "mngojee tu muone...", mdogo wake ana ruhusa ya kumwambia, "Yaya (mkubwa wangu), tafadhali, toka kidogo." Hakuna utovu wa heshima hapo. Na angalieni tarehe abonema (malipo) ya dekoda inapoisha. Ina tabia ya kuangukia juma la episodi ya mwisho.

Mara ya pili

Msimu ukiisha, subiri majuma machache, kisha tazama tena ukiwa na kaye na kalamu ya rangi ya tatu. Sasa unajua jibu. Unachokagua ni kama seri ilikutendea haki. Kila mara muuaji anapokuwa kwenye tukio, mtazame yeye hata kama kamera inamfuata mwingine. Weka alama ya vyema kwenye dalili ulizoziona, duara kwenye ulizoziona ukazitafsiri vibaya, na mstari chini ya zile ambazo hukuziandika kabisa. Duara zinakufundisha zaidi. Mwenye duara nyingi kwenye maneno ya watu anaamini mashahidi haraka. Mwenye mistari mingi kwenye vitu anasikiliza kuliko kutazama, au alikaa mbali na skrini.

Mgeni akifika katikati ya msimu, asianze na episodi ya siku hiyo wala asisimuliwe. Mpe ukurasa wa kushoto wa kila episodi aliyoikosa, asome peke yake, na kurasa za kulia zibanwe kwa pini ya nguo. Anaweza kupiga kura kuanzia episodi yake ya pili.